Mtu wa Pwani Anapokwenda Kukimbia Mlimani

Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Kwa mkazi wa Mtanda, hapa mjini Lindi, ambaye huamka na kulala karibu na usawa wa bahari, hesabu hiyo ni ya kufikirika tu mpaka siku atakapoifanya kwa miguu yake mwenyewe. Siku ambayo Lindi ina nyuzi 30, kilele cha Uhuru chenye kimo cha mita 5,895 huweza kuwa chini ya sifuri, na hapo bado upepo na mvua havijahesabiwa.

Ndugu msomaji, naandika haya kwa sababu mbio zimekuwa sehemu ya maisha ya mjini, nami nafurahi kuona hivyo. Kila mwaka wapo watu wa pwani wanaosafiri hadi Moshi kwa ajili ya mbio za Kilimanjaro, zilizoanzishwa mwaka 2003. Wengi wao husema wanakwenda “kukimbia mlimani”, ingawa mbio zile hupita barabarani, kuelekea upande wa Mweka na kurudi, na hazivuki sana mita 1,100. Changamoto kubwa hapo ni joto na mpando mrefu. Lakini wapo wanaorudi kutoka huko wakiwa na hamu ya jambo zito zaidi: kukimbia katika vijia vya mlima wenyewe, penye mizizi, matope na mawe, ambako asubuhi huanza na jua na saa sita mchana ukungu umeshaziba njia. Hao ndio ninaokusudia kuzungumza nao, pamoja na wahudumu wa afya watakaowapima kabla ya safari na kuwapokea baada yake.

Nianze na baridi, kwa kuwa ndiyo tunayoidharau. Tarehe 22 Mei 2021, wanariadha 172 walianza mbio za kilomita 100 katika milima ya mkoa wa Gansu, nchini Uchina. Wengi walikuwa wamevaa kaptura na fulana nyepesi. Koti la kuzuia upepo lilikuwa kifaa cha kupendekezwa tu, si cha lazima. Walipofika sehemu ya juu ya njia, hali ya hewa iligeuka ghafla, wakapigwa na mvua ya barafu na upepo mkali mahali ambapo gari halifiki. Watu 21 walikufa, miongoni mwao mabingwa wa mbio ndefu. Wengine 6 walinusurika kwa sababu mchungaji wa kondoo, aliyekuwa amejihifadhi pangoni, aliwaingiza humo na kuwawashia moto. Funzo kwa tabibu ni kwamba wengi wa waliokufa walikuwa na siha kuliko sisi sote. Mkimbiaji aliyelowa hutegemea joto linalotengenezwa na misuli yake. Akichoka na kupunguza mwendo, tanuru hilo huzimika huku maji yaliyomo nguoni yakiendelea kunyonya joto la mwili, kwani maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa.

Mhudumu wa afya wa Lindi anaweza kusema kwamba hajawahi kuona mgonjwa wa baridi. Amemwona, ila hakumwita hivyo. Mkunga anajua vizuri kwa nini mtoto mchanga hukaushwa mara tu anapozaliwa na kuwekwa kifuani mwa mama yake, hata katika chumba chenye joto linalotutoa jasho sisi watu wazima. Mvuvi wa Kilwa ambaye mtumbwi wake umepinduka usiku, akakaa majini mpaka alfajiri, hufika ufukweni akitetemeka na kutamka maneno yasiyoeleweka, ingawa bahari yetu ni ya vuguvugu. Ugonjwa ni uleule, na mlimani huja haraka zaidi.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka, vidole hushindwa kufunga zipu au kamba ya kiatu, na ulimi huwa mzito. Likikaribia nyuzi 32, akili huvurugika na kutetemeka huanza kukoma. Mwenzake akidhani kwamba amepata nafuu, atakuwa amekosea vibaya sana. Baadhi hufikia hatua ya kuvua nguo wakihisi joto la uongo. Tahadhari nyingine ni hii: vipimajoto vingi vya zebaki vilivyomo zahanati huanzia nyuzi 35, hivyo haviwezi kuonyesha mgonjwa ameshuka kiasi gani. Hapo tutegemee macho na mikono yetu. Mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mkinge na upepo na ardhi, mfunike blanketi, kisha mpashe joto kifuani na kwapani kabla ya mikono na miguu. Akiwa na fahamu timamu na anameza vizuri, mpe chai ya moto yenye sukari nyingi. Usimsugue, wala usimburute, kwa kuwa moyo uliopoa hushtuka kirahisi na kupoteza mapigo yake. Wala usiharakishe kumtangaza kuwa amekufa. Mwaka 1999, nchini Norwei, daktari mmoja aliyenaswa chini ya barafu alifikishwa hospitali akiwa na nyuzi 13.7, moyo ukiwa umesimama, na baadaye akapona na kurudi kazini.

Suala la pili ni hewa. Katika kilele cha Kilimanjaro kila pumzi huleta takriban nusu ya oksijeni inayopatikana pwani. Mwili huweza kuzoea, lakini hauharakishwi. Kanuni inayokubalika ni kwamba, ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne uwepo usiku wa kupumzika.

Msomaji ataniuliza kuhusu wale wanaoukimbia mlima kwa siku moja. Ni kweli wapo. Mwaka 2006 Simon Mtuy, Mtanzania aliyekulia chini ya Kilimanjaro, alipanda hadi kileleni na kushuka kwa saa 9 na dakika kadhaa huku akijibebea mahitaji yake yote. Agosti 2014 Karl Egloff, mwongoza watalii wa milimani kutoka Ekuado, alianzia lango la Umbwe, akafika Uhuru na kuteremka hadi Mweka kwa saa 6 na dakika 42. Hawa hawakuivunja kanuni kama inavyodhaniwa. Mmoja alikuwa ameshafika kilele hicho mara nyingi katika kazi yake ya kuongoza wageni. Mwingine alizaliwa Quito, mji ulio juu ya mita 2,800. Isitoshe, ugonjwa wa kimo huanza kujidhihirisha saa kadhaa baada ya kupanda, na wao kufikia wakati huo walikuwa wameshateremka. Mtu wa Lindi aliyeteremka basi jana hana hata moja ya ngao hizo. Akiumwa kichwa, akatapika na kukosa usingizi, apumzike na asipande zaidi. Akianza kuyumba kama mlevi, au akikosa pumzi hata akiwa amekaa, ateremshwe wakati huohuo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha. Dawa na oksijeni husaidia, lakini hazichukui nafasi ya kuteremka.

Hapa nafika kwenye jambo linalonisumbua zaidi, kwa sababu linatuhusu sisi wa pwani kwa namna ya pekee. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa wa selimundu, na maeneo yenye malaria nyingi kama ukanda wetu ndiyo yenye watu wengi waliobeba chembe moja tu ya urithi huo, ambao kitabibu tunawaandika AS. Hawa si wagonjwa. Urithi huo huwakinga dhidi ya malaria kali, na wengi huzeeka bila kujua kwamba wanao. Mwalimu mmoja aliyenijia kutaka ushauri kuhusu mbio za mlimani alijitambua baada ya mwanawe kupimwa na kukutwa na selimundu kamili. Alikuwa na miaka 38, mwenye afya njema, aliyezoea kukimbia kilomita 20 kabla ya kuingia darasani. Aliuliza swali fupi: je, naweza kufa?

Jibu la haki lina sehemu mbili. Utafiti mkubwa wa wanajeshi weusi wapatao 48,000 wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa wenye AS hawakufa zaidi ya wenzao katika jeshi ambalo limeweka taratibu za maji, kivuli na mapumziko. Lakini uwezekano wa misuli yao kuvunjika na kumwaga sumu kwenye damu ulikuwa mkubwa zaidi kwa asilimia 54. Sehemu ya pili ni kimo. Mtu mwenye AS akipanda juu sana, chembe zake za damu huweza kujikunja kwenye bandama na kuziba mishipa, naye huhisi maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, pamoja na kichefuchefu. Mhudumu asiyejua atampa dawa ya vidonda vya tumbo. Kwa hiyo sikumkataza mwalimu yule kukimbia. Nilimshauri abaki chini ya mita 2,500, aongeze mazoezi polepole, asishindane na mtu kwenye mpando, na akihisi misuli imelegea ghafla bila kukakamaa, akae chini palepale. Mwenye selimundu kamili, kwa upande wake, namwambia waziwazi kwamba mbio za namna hii si zake.

Kuhusu maji, ushauri wa zamani wa kunywa mengi iwezekanavyo umeshapitwa na wakati. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipopimwa damu mwishoni, asilimia 13 walikutwa na upungufu wa chumvi ya sodiamu, hasa waliokunywa mpaka wakaongezeka uzito. Kunywa unapohisi kiu. Kwa mhudumu katika hema la huduma ya kwanza: mkimbiaji aliyechanganyikiwa, ambaye pete yake imembana na amekuwa akinywa kila kituo, usikimbilie kumtundikia dripu ya kawaida, kwani unaweza kumvimbisha ubongo. Anahitaji maji ya chumvi kali ya asilimia 3, yakiwapo, na rufaa ya haraka.

Dawa za maumivu zinastahili maneno makali kidogo. Diklofenaki na aibuprofeni zinanunuliwa kama pipi, na wakimbiaji humeza vidonge viwili “vya kinga” kabla ya mbio. Figo iliyopungukiwa maji huitegemea kemikali ileile ambayo dawa hizo huizuia. Ikiwa mtu huyo pia anatumia dawa ya shinikizo la damu ya jamii ya kaptopirili au losatani, pamoja na kidonge cha kuongeza mkojo, basi figo imebanwa pande tatu. Mgonjwa wa shinikizo la damu asiache dawa zake kwa hiari yake. Aje tuzipange wiki kadhaa kabla. Anayetumia insulini aivae karibu na mwili, kwa kuwa insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka, na mashine ya kupimia sukari huweza kudanganya kwenye baridi.

Mazoezi yapo hata kwetu. Uwanda wa Rondo haufiki mita 1,000, hivyo hautakuzoesha hewa nyepesi, lakini miteremko ya huko itakuzoesha kushuka, na kushuka ndiko kunakochana misuli ya mapaja. Wengi hujiandaa kwa kupanda tu.

Tunapenda kumkumbuka John Stephen Akhwari, ambaye tarehe 20 Oktoba 1968, jijini Mexico, katika kimo cha takriban mita 2,240, alikakamaa misuli, akaanguka na kuumia goti, na bado akamaliza mbio kwa saa 3 na dakika 25, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. 18 waliacha njiani. Namheshimu kama Mtanzania yeyote anavyomheshimu. Lakini Akhwari alikuwa katikati ya jiji, akizungukwa na maofisa na magari. Anayechechemea kwenye ukungu, kilomita 9 kutoka barabarani, anawalazimisha wengine 4 kumbeba, nao pia wamelowa. Waandaaji wa mbio waweke muda wa mwisho katika kila kituo na wakague begi la kila mkimbiaji kabla hajaondoka: koti la mvua, kofia, glavu, filimbi, tochi na chakula. Asiye na koti asianze, awe nani.

Wanaporudi Lindi, wahudumu wawe macho kwa siku tatu za kwanza. Mkojo wenye rangi ya soda ya kola ni dalili ya misuli iliyovunjika, na kipimo cha figo kifanyike siku hiyohiyo. Homa isihesabiwe kuwa ni uchovu wa safari. Kipimo cha malaria kwanza. Na kila anayelalamika maumivu ya mbavu za kushoto aulizwe swali moja ambalo halimo katika fomu zetu nyingi: je, kwenu yupo mwenye selimundu?