NOMINO NA KIWAKILISHI KATIKA SENTENSI YA KIINGEREZA

Vitabu vingi vya sarufi vilivyotumika katika shule za Afrika Mashariki vimefafanua kiwakilishi kuwa ni neno linalotumika badala ya nomino. Fasili hii ina umri mkubwa. Ilikuwamo katika sarufi ya Kigiriki inayohusishwa na Dionysius Thrax, aliyeishi karne ya pili kabla ya Kristo. Kutoka huko ilihamia Kilatini, kisha ikaingia katika sarufi za Kiingereza, mojawapo ikiwa ile ya Lindley Murray ya mwaka 1795, ambayo ilitawala madarasa ya Uingereza na Marekani kwa miongo mingi. Hata istilahi ya Kiswahili yenyewe imebeba fikira hiyo, kwani mwakilishi ni yule anayesimama mahali pa mwenyewe asiyekuwapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fasili hiyo haikitoshelezi hata Kiingereza, na kwamba upungufu wake umeathiri jinsi Kiswahili kinavyoelezwa.

Yafaa kuanza na nomino. Katika sentensi "The farmer gave the child a goat", nomino tatu zina kazi tatu: "farmer" ni kiima, "goat" ni yambwa ya kitu kinachotolewa, na "child" ni yambwa ya mpokeaji. Hakuna hata moja iliyobadili umbo ili kuonyesha kazi yake. Mtu akisema "The child gave the farmer a goat", mtoaji amekuwa mpokeaji na mpokeaji amekuwa mtoaji, ilhali maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni mahali tu. Kiswahili hakibanwi kwa kiasi hicho. "Mtoto amekivunja kisu" na "Kisu, mtoto amekivunja" zina maana moja ya msingi, kwa kuwa viambishi vya kitenzi vinatangaza ni kipi kiima na ni ipi yambwa. Kazi nyingine za nomino ya Kiingereza hazina utata mwingi: huwa kijalizo, kama "teacher" katika "Her brother is a teacher", hufuata kihusishi, na huweza hata kutangulia nomino nyingine na kuifafanua, kama katika "coffee farmer", pale ambapo Kiswahili hakina budi kutumia kiunganifu -a na kusema mkulima wa kahawa.

Hali haikuwa hivyo daima. Kiingereza cha Kale kilikuwa na maumbo ya uhusika, yaani maumbo yanayoonyesha kazi ya nomino katika sentensi. Mfalme akiwa kiima aliitwa "se cyning", na akiwa yambwa akawa "þone cyning". Miishio hiyo ilianza kumomonyoka hata kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, na kufikia karne ya 15 sehemu yake kubwa ilikuwa imetoweka, huku mpangilio wa maneno ukizidi kuwa imara. Katika nomino umebaki ule mwisho wa umilikaji tu, na huo nao si wa nomino hasa. Katika "the King of England's crown", alama ya umilikaji imeshikamana na "England", ingawa mwenye taji ni "King". Kwa hiyo imefungwa mwishoni mwa kikundi nomino kizima.

Viwakilishi ndivyo vilivyohifadhi masalio ya mfumo wa zamani: "I" na "me", "he" na "him", "they" na "them". (Hivi viwili vya mwisho vililetwa na wasemaji wa lugha za Skandinavia, jambo lisilo la kawaida, kwani lugha hukopa nomino kwa urahisi na viwakilishi kwa shida.) "You" kilipoteza tofauti hiyo: zamani kilikuwa umbo la yambwa, na kiima kikawa "ye". Kwa sababu ya masalio haya, kiwakilishi hufichua kile ambacho nomino huficha. Katika "She believes the farmer is honest" na "She believes the farmer to be honest", "the farmer" ana sura moja. Mahali pake pakitiwa kiwakilishi, tofauti hujitokeza: "She believes he is honest", lakini "She believes him to be honest". Katika sentensi ya kwanza mkulima ni kiima cha kitenzi chenye njeo; katika ya pili hana kitenzi cha namna hiyo, na uhusika wake unatawaliwa na "believes". Kwa misingi ya data za aina hii Jean-Roger Vergnaud, katika barua yake ya mwaka 1977 kwa Noam Chomsky na Howard Lasnik, alipendekeza kwamba kila kikundi nomino cha Kiingereza kina uhusika, hata pale usipoonekana.

Fasili ya zamani huanguka waziwazi zaidi pale inapopimwa kwa neno lenyewe la "badala". Katika "The old man with the stick is here", mtu akitaka kutumia "he", hawezi kuliweka mahali pa "man" peke yake na kusema "The old he with the stick". Hana budi kuondoa kikundi kizima na kusema "He is here". Neno la Kiingereza ambalo kweli husimama badala ya nomino ni "one", kama katika "this big book and that small one", nalo ndilo ambalo vitabu vya shule hulitaja kwa nadra. Isitoshe, "I" hakiwakilishi nomino yoyote. Humwonyesha msemaji, awaye yote. Na katika "It is raining", "it" hakiwakilishi chochote kabisa. Kipo kwa sababu sentensi ya Kiingereza yenye njeo haikubali kukosa kiima. Kiswahili husema "Mvua inanyesha", na mvua huwa kiima halisi.

Athari za fasili hiyo huonekana darasani. Mwanafunzi anayeandika "My brother he went to Mombasa" husahihishwa kwa kuambiwa kwamba amerudia neno bure. Hajarudia bure. Amelichukua "he" kuwa sawa na kiambishi a- cha "Ndugu yangu alikwenda Mombasa", na aliyemfundisha kwamba a- ni kiwakilishi ndiye aliyemwelekeza huko. Kama a- ingekuwa badala ya "ndugu yangu", visingeweza kukaa pamoja katika sentensi moja. Hapo a- ni alama ya upatanisho. Lakini katika "Alikwenda Mombasa" peke yake, a- hiyo hiyo inabeba kazi ya kiwakilishi.

Joan Bresnan na Sam Mchombo, katika uchunguzi wao wa Kichewa wa mwaka 1987, walionyesha kwamba kiambishi cha kiima katika lugha hiyo hufanya kazi zote mbili, na kile cha yambwa ni kiwakilishi tu. Matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa Kiswahili jinsi yalivyo. Katika "Nimekisoma", ki- ni kiwakilishi bila shaka. Lakini Mswahili husema "Nilimwona Juma", bila kituo wala mkazo wa pekee, na sentensi isiyo na m- hiyo humsikikia vibaya. Juma yupo ndani ya sentensi, na kiambishi kipo pia. Hapo m- imekwisha kuelekea upande wa upatanisho, ijapokuwa kwa vitu visivyo na uhai, kama katika "Nimesoma kitabu", Kiswahili bado humwachia msemaji hiari.