Kuvu ya Kiangazi: Maji Yatoka Ndani, Si Mbinguni

Mwezi wa Juni na wa Julai, mvua ikiwa imekwisha kukoma tangu Aprili au Mei, ndipo wenzetu wengi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi huanza kulalamika kwamba kuta za nyumba zao zimeota kuvu. Jambo hili huwashangaza watu. Nje ni vumbi tupu, midomo yapasuka kwa ukavu. Lakini ndani, nyuma ya kabati, doa jeusi lapanda ukutani na godoro lanuka. Wengine hununua rangi wakalifunika doa hilo, na baada ya majuma machache latokeza tena juu ya rangi mpya. Hizo ni fedha za mshahara zilizotupwa.

Ndugu wafanyakazi, kuvu hiyo hailetwi na mvua. Nchi ile iko juu, mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi huwa na baridi kali. Watu hufunga madirisha, huziba matundu ya hewa kwa magunia, na kuingiza mbabula ndani. Sufuria ya maharagi huchemka hapo saa nyingi, nguo za watoto huanikwa chumbani, na watu watano hulala humo. Pumzi zao peke yake kwa usiku mmoja huweza kutoa lita moja ya maji na zaidi. Mvuke huo haupati njia. Ukigusa ukuta baridi au bati hugeuka matone, kama chupa ya bia iliyotolewa katika friji. Kuvu haidai zaidi ya hapo: maji kidogo, na uchafu wa kula.

Hapa lazima tuseme jambo zito kuliko kuvu. Mbabula katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Hata makala yaliyokwisha kuwa mekundu, yasiyo na moshi, bado hutoa sumu hiyo. Mbabula ibaki nje, baridi iume namna gani.

Dawa ya kwanza ni hewa kavu, nayo ni ya bure. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi, hewa ya kiangazi ina kiu ya maji. Ikipita chumbani hubeba unyevu na kuondoka nao. Fungua mlango na dirisha pamoja. Twajua mwenye zamu ya usiku hulala saa hizo, na mwenye dirisha la barabarani huogopa wezi. Hao nao wapate walau nusu saa. Kabati na kitanda visogezwe mbali na ukuta kadiri ya upana wa kiganja. Godoro na mablanketi vitolewe juani. Godoro lililooza ndani halina tiba, ni la kutupa.

Doa lenyewe lisifutwe kavu, maana vumbi lake hupeperuka likaingia kifuani. Funga kitambaa puani na mdomoni, watoto na mwenye pumu wawe nje, lowesha doa kwa maji ya sabuni, sugua, kisha kausha kabisa siku hiyo hiyo. Javel hufaa kwenye saruji laini na vioo. Kwenye ukuta wa udongo haifiki ndani, na maji yake huilisha kuvu iliyobaki. Wala usiichanganye kamwe na siki au dawa kali ya choo: hutoka hewa inayochoma mapafu. Ukuta ukikauka, paka chokaa, ukiangalia isikuingie machoni.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilieleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na kuvu hupatwa zaidi na pumu na kikohozi. Kwa hiyo hili si jambo la mama wa nyumba peke yake.

Yako maji ambayo dirisha haliyawezi. Alama ikianzia sakafuni na kupanda, yenye unga mweupe wa chumvi, maji yatoka ardhini au katika bomba linalovuja. Hapo mwenye nyumba ndiye wa kutengeneza, na katika kambi mwenye nyumba ni mwajiri. Kwa wenzetu wa mashamba makubwa upo Mkataba namba 110 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958. Kifungu cha 86 chataja kanuni za nyumba, pamoja na vifaa vya ujenzi, hewa, mahali pa kupikia na maji. Mjumbe wa kiwandani naye aweza kuutumia kama kipimo.

Lakini mjumbe asiandike tu kwamba nyumba ni mbovu. Aandike namba ya nyumba, ukuta upi, na bomba lipi linavuja. Kisha apige mstari kwa kipande cha makala mahali alama ilipofika, pamoja na tarehe, ili mwezi ujao mwajiri aonyeshwe maji yamepanda kiasi gani.