Ukulele ya pili: Fedha kidogo zitumike wapi?

MTU aliyejifunza ukulele kwa mwaka mmoja kwa chombo cha bei ya chini hufikia siku ambayo masikio yake humzidi mkono. Nyuzi amezilinganisha, vidole amevipanga kama alivyofundishwa, lakini kila anapovisogeza kuelekea kwenye kasha, sauti hupotoka.

Wapo wanaojilaumu na kukitupa chombo juu ya kabati. Wapo pia wanaokimbilia dukani na akiba ya miezi kadhaa, wakarudi na chombo kinachong'aa zaidi lakini chenye kasoro ile ile.

Wote hao hawajajua kosa liko wapi, ilhali kulitafuta hakugharimu kitu. Uzi huchezwa ukiwa wazi, kisha hubonyezwa kwenye chuma cha 12 cha shingoni, ambacho huigawa nyuzi katika nusu mbili. Noti inayotoka yapasa kuwa ile ile, juu zaidi kwa oktava moja. Programu ya simu ya kulinganishia sauti huonyesha mara moja iwapo imepanda au imeshuka.

Ikiwa imepotoka, ama nyuzi zimechakaa, ama zimekaa juu mno, ama vyuma vimepachikwa mahali pasipo sahihi. Kasoro mbili za mwanzo hurekebishika. Ya tatu haina dawa, na hapo ndipo chombo kingine huwa cha lazima.

Kinachosahaulika zaidi ni kile kijiti cha mwisho wa shingo, ambamo nyuzi hupita kabla ya kufika kwenye funguo za kukazia. Viwandani mifereji yake mara nyingi huachwa na kina kifupi, kwa kuwa kuichimba kwa uangalifu hula muda. Matokeo yake mwanafunzi hubonyeza kwa nguvu nyingi, uzi huvutika, na noti za mwanzo hupanda. Uzi ukibonyezwa kwenye chuma cha tatu, nafasi kati yake na chuma cha kwanza yapasa kutosha karatasi nyembamba tu. Ikizidi sana, fundi wa magitaa anaweza kuichimba mifereji kwa tupa ndogo, na mara nyingi malipo yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya chombo kipya.

Nyuzi nazo ni badiliko la bei nafuu kuliko yote. Zipo za nailoni, na zipo za florokaboni, plastiki inayotumika pia kutengenezea mishipi ya kuvulia samaki, ambazo wengi huzisifu kwa sauti angavu. Lililo la hatari ni kufunga nyuzi za chuma za gitaa. Ukulele ya kawaida haikujengwa kuhimili mvuto huo, na daraja lake laweza kung'oka.

Kwamba usahihi wa vyuma ni muhimu kuliko thamani ya mbao, historia imekwishathibitisha. Mwaka 1949 fundi Mario Maccaferri, aliyewahi kubuni magitaa ya kampuni ya Selmer mjini Paris, alianza kuuza nchini Marekani ukulele ya plastiki tupu iliyoitwa Islander. Ziliuzwa kwa mamilioni. Plastiki haikuwa mbao ya thamani, lakini kalibu ziliziweka noti mahali pake, na chombo kilichezeka.

Ikiwa baada ya yote hayo chombo kipya bado kinahitajika, jambo la kwanza ni ukubwa. Soprano, iliyo ndogo, ina nyuzi za urefu wa takriban sentimita 33 hadi 35; konseti takriban 38; tena takriban 43. Zote tatu kwa kawaida hulinganishwa G, C, E na A, hivyo mikao ya vidole iliyozoeleka haipotei. Baritoni hulinganishwa D, G, B na E, kama nyuzi nne nyembamba za gitaa. Mwenye vidole vinene anayehangaika na soprano anaweza kupata nafuu zaidi kwa konseti ya plaiwudi kuliko kwa soprano ya mbao ghali.

Kisha ndipo huja mbao. Madukani Marekani, ukulele za wanaoanza huuzwa takriban dola 50. Zile ambazo uso wake wa mbele ni mbao nzima, badala ya plaiwudi, huanzia karibu dola 150, na za mbao nzima kila upande kwa kawaida huzidi dola 250. Uso wa mbele ndio unaotetema zaidi na kutoa sauti, kwa hiyo mwenye fedha kidogo alipie huo, na migongo na mapambo ayaache. Mbao ya koa ya Hawaii, inayotumiwa na kiwanda cha Kamaka kilichoanzishwa Honolulu mwaka 1916, ni nzuri kweli, lakini si ya mfuko huu.

Aidha, mbao nzima ina masharti. Hupanuka katika unyevu na kusinyaa katika ukavu. Mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam anayekihamisha chombo kutoka joto la baraza hadi chumba chenye kiyoyozi kila siku hukiweka katika hatari ya kupasuka. Plaiwudi, kwa unyonge wake wote, huvumilia hayo.

Chombo kilichotumika huleta unafuu, mradi kikaguliwe: shingo iwe imenyooka, daraja lisiwe limeinuka, na kusiwe na ufa usoni. Kipimo cha chuma cha 12 kifanyike pale pale, kwa nyuzi zote nne, kabla ya fedha kutoka mfukoni. Anayeagiza kutoka ng'ambo hana nafasi hiyo, na bado hulipia usafirishaji na ushuru, hivyo aulize kwanza kama muuzaji hurekebisha kimo cha nyuzi kabla ya kufunga mzigo.

Nyuzi mpya hulegea kwa siku kadhaa, na katika muda huo chombo hupoteza ulinganifu kila baada ya nyimbo chache. Hilo si kasoro ya kumrudishia muuzaji.