Gari Namba E, Giaboksi Gonjwa: Kilichoniokoa ni Daftari la Oda

Leo siongelei bei wala namna ya kupiga picha bidhaa. Naongelea gari, maana najua wengi humu ndoto yenu duka likikua kidogo ni kuachana na bodaboda na kununua usafiri wenu. Soma hadi mwisho kabla hujatoa hela yako.

Ijumaa tarehe 2 Agosti 2024, saa kumi na mbili na nusu jioni, nilikuwa Kimara kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro. Nyuma nina oda saba za mashuka na mapazia. Moja ni seti kubwa ya duveti, zawadi ya sendofu iliyokuwa inafanyika jioni hiyohiyo Mbezi. Magari ya mbele yakasogea. Nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari halisogei. Nakanyaga tena, linanguruma tu. Nyuma watu wanapiga honi na kunitukana. Vijana wawili wakanisaidia kulisukuma pembeni.

Nikaita boda abebe ile seti. Ilifika zawadi zimeshatolewa, na bibi harusi ameshaondoka. Mteja wangu, dada ambaye amenunua kwangu tangu naanza, aliandika kwenye grupu lao: "Msiagize kwa huyu, atawaaibisha." Nikamrudishia hela yake yote, 145,000.

Halafu sasa sikia. Baada ya kama dakika 25 niliwasha gari, likaondoka vizuri kabisa kana kwamba halijafanya kitu.

NAMBA E ILINIDANGANYA

Gari nililichukua yadi tarehe 14 Juni 2024. Ni dogo, la oto, limetengenezwa 2019, kilomita 38,000. Nilitoa akiba yangu ya miaka minne, mkopo wa benki wa miezi 24, na milioni 2 za mama yangu za mchezo. Mama alinipa akaniambia, "Mwanangu, hii usiichezee." Gari lilikuwa linang'aa, lina namba E, mtaani wote wakaniita bosi.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba namba E inaonyesha gari limesajiliwa Tanzania karibuni, basi. Haikwambii kule lilikotoka liliendeshwaje, wala kama oili ya giaboksi iliwahi kubadilishwa.

Wiki ya tatu likaanza kutetemeka nikiondoka kwenye taa. Nikadhani ni mimi sijazoea. Baadaye likaanza hii ya kunguruma bila kusogea. Kesho yake zima. Keshokutwa zima. Siku ya tatu linarudia.

HELA NILIZOTOA KWA KUBAHATISHA

Fundi wa kwanza ni jirani yangu, mtu mzuri tu. Akasema, "Dada, hii ni oili imechoka." Akamwaga, akaweka haidroliki nyekundu. 180,000. Lilitulia siku tisa, likarudia.

Fundi wa pili akachomoa waya wa betri, akarudisha, taa ya injini ikazima. Akasema solenoidi ya giaboksi imekufa, akaweka nyingine. 250,000. Siku nne tu, likarudia.

Baada ya ile aibu ya Kimara nikaenda yadi. Nilikuwa na waranti yao ya giaboksi ya miezi mitatu, imeandikwa na ina muhuri. Wakalichukua saa mbili asubuhi, wakazunguka nalo dakika kumi, wakarudi. "Gari nzima hii, dada. Wewe tu hujazoea oto." Nikapiga kelele, nikalia pale pale mbele ya wateja wao. Haikusaidia kitu. Kwa macho yao gari lilikuwa zima, na kusema ukweli asubuhi ile lilikuwa zima kweli.

DAFTARI

Usiku ule nilikuwa naandika oda za kesho. Kila mteja namwandikia tarehe, saa, alipo, alichoagiza, alicholipa. Mteja akinibishia, nafungua daftari, ubishi unaisha. Nikajiuliza, mbona gari linanibishia na sijaliandikia kitu?

Nikageuza daftari kwa nyuma, nikachora mistari. Kila likisumbua naandika tarehe, saa, kilomita za dashibodi, nimeendesha dakika ngapi, kuna foleni au barabara tupu, limefanya nini, na limechukua muda gani kurudi sawa. Nikiwa na mtu pembeni, anarekodi video ya dashibodi.

Kufika mwisho wa Agosti nilikuwa na mara 11. Nikazisoma kama ninavyosoma mauzo ya mwezi. Zote 11 zilitokea mchana au jioni. Zote baada ya zaidi ya dakika 35 za foleni. Asubuhi hakuna hata moja! Ndiyo maana yadi hawakuona kitu, walilijaribu likiwa la baridi.

MZEE WA ILALA

Rafiki yangu akanipeleka Ilala kwa mzee mmoja anayetengeneza giaboksi tu. Nikategemea atachukua spana. Akachukua daftari langu, akavaa miwani, akasoma yote. Akaniambia, "Mwanangu, silifungui leo. Njoo saa kumi na moja jioni tuingie nalo kwenye foleni."

Jioni akachomeka mashine ya kupimia, tukaingia barabarani. Dakika ya 40 likaanza. Akanionyesha kwenye kioo cha mashine: joto la oili limepanda, presha imeshuka.

Akanieleza hivi. Gari langu lina giaboksi ya CVT. Hii haina gia za hatua hatua. Ndani kuna mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili, na puli zinaubana mkanda kwa presha ya oili. Oili ikipata joto inakuwa nyepesi. Kama valvu za ndani zimelika, presha inavuja, mkanda unateleza, injini inanguruma na gari halisogei. Likipoa, presha inarudi na unaliona zima.

Na ile haidroliki nyekundu? CVT inatumia oili yake maalumu, haiingiliani na ya giaboksi za oto za kawaida. "Umempa mgonjwa damu ya kundi lingine," akasema. Ugonjwa ulianza kabla ya fundi wa kwanza, lakini mimi na yeye tuliuongezea. Na yule aliyechomoa betri? Kwenye magari mengi ukifanya hivyo unafuta kodi za hitilafu ambazo kompyuta ya gari imehifadhi. Yaani nililipa 250,000 na ushahidi wangu ukafutwa juu yake.

NILIVYORUDI YADI

Safari hii sikulia. Tarehe 2 Septemba, zimebaki siku 12 waranti iishe, nikapeleka barua ya ukurasa mmoja. Nimeambatanisha nakala ya daftari, karatasi ya vipimo vya mashine, video nne kwenye flashi, na nakala ya waranti. Nikaandika wazi pia kwamba nilibadilisha oili nje, maana wangegundua tu. Nikabaki na nakala yangu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mwisho wa barua nikaandika kwa heshima kwamba tusipoelewana nitapeleka suala Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji.

Meneja akasoma kimya. Akasema, "Dada, hii ya oili imetuharibia wote." Nikamjibu, "Kweli bosi, hapo nina kosa. Ila mara ya kwanza ilitokea kabla sijagusa oili, na jirani yangu alinirekodi siku hiyo." Tulibishana wiki nzima. Mwisho wakatoa giaboksi nyingine iliyotumika, mimi nikalipa ufundi na oili sahihi, 520,000. Sikupata haki yote, lakini nilipata gari. Alifunga yule mzee wa Ilala. Hadi naandika hapa limekwenda kilomita 9,000 bila kutetemeka, na foleni ya Kimara ni ileile.

HESABU YANGU

Oili 180,000. Solenoidi 250,000. Kuvutwa mara mbili 160,000. Boda za kupeleka oda gari likiwa bovu 290,000. Mteja wa sendofu 145,000. Ufundi wa mwisho 520,000. Jumla 1,545,000. Humo 430,000 ni za kubahatisha tupu. Daftari lililonisaidia lilikuwa la mauzo, sikulilipia hata mia.

CHUKUA HAYA

1. Tatizo linalokuja na kuondoka, liandike kwanza ndipo ulitengeneze. Fundi asiyeliona tatizo likitokea anabahatisha, na anabahatisha kwa hela yako.

2. Usikubali mtu achomoe betri au afute taa kabla gari halijapimwa kwa mashine na kodi hazijaandikwa au kupigwa picha.

3. Jua giaboksi yako ni ya aina gani. Soma kitabu cha gari au uliza kwa namba ya chesisi. Oili ya CVT na haidroliki ya kawaida ni vitu viwili. Kaa na kopo tupu na risiti.

4. Kama una waranti, rudi kwa aliyekuuzia kabla fundi wa mtaani hajagusa. Hapa ndipo nilipoumia.

5. Ukienda kujaribu gari la kununua, usiridhike na kuzunguka yadi asubuhi. Omba uliendeshe hata dakika 45, lipate joto, uingie nalo kwenye foleni. Akikataa, jiulize kwa nini.

6. Ahadi ya mteja usiitundike kwenye gari moja. Sasa hivi kila oda ya shughuli inatoka siku moja kabla, na nina namba za boda wawili ninaowaamini.

Mama hajui hadi leo kwamba zile milioni 2 ziliponea chupuchupu. Nimeshamrudishia 1,200,000, akaniombea dua. Yule dada wa sendofu bado hajanunua tena kwangu. Kila mwezi namtumia salamu, simwekei bidhaa yoyote. Wiki iliyopita alijibu, "Salama, dear." Nimeridhika nayo kwa sasa.

Kama una gari linalokusumbua hivi, andika hapa chini linafanya nini na linafanya saa ngapi. Ukiona hujui linafanya saa ngapi, basi anza na daftari. Mtumie na mwenzako anayejipanga kununua namba E.