Dawa ya Kung'arisha Picha: Hutoka Lini Mwilini?

Mgonjwa arudipo nyumbani baada ya kupigwa picha katika hospitali kubwa, jamaa humwona ana plasta ndogo mkononi. Akiulizwa, hujibu kwamba alichomwa sindano ili viungo vya ndani vionekane vizuri. Hapo ndipo maswali huanza. Je, dawa ile imekwenda wapi? Je, mama aweza kumnyonyesha mtoto usiku huo? Wako walioingiwa na hofu hata wakakataa picha nyingine ambayo ingewafaa. Inafaa basi jambo hili lielezwe bila kuficha wala kutia chumvi.

Kwa nini sindano hupigwa

Mifupa huonekana wazi katika eksirei kwa sababu huzuia mionzi. Mishipa ya damu, ubongo na ini ni vitu laini, na picha zake hufanana. Ndiyo maana waganga hutia mwilini dawa ya kuvitofautisha. Katika mashine ya CT hutumika dawa yenye ayodini. Katika MRI, mashine itumiayo sumaku yenye nguvu, hutumika dawa yenye madini yaitwayo gadolini.

Kazi ya kuzitoa dawa hizi ni ya figo, ambazo huzichuja na kuzipeleka katika mkojo. Kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya dawa ya gadolini huondoka katika damu kwa muda wa saa mbili hivi, na baada ya saa 24 zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 huwa zimekwisha kutoka.

Funzo la miaka iliyopita

Haikuwa hivyo siku zote. Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950 ilitumika dawa iliyoitwa Thorotrast, yenye toriamu, madini yatoayo mionzi yenyewe. Mganga Egas Moniz wa Lisbon aliitumia mwaka 1931 kupiga picha za mishipa ya ubongo. Picha zilikuwa safi, mgonjwa hakuumia, na dawa ikasifiwa. Lakini figo hazikuweza kuitoa. Ilijikusanya katika ini, wengu na uboho wa mifupa, ikakaa humo maisha yote ikitoa mionzi kimya kimya. Wengine walipatwa na saratani ya ini miaka 20 au 30 baada ya sindano moja tu. Kwa hiyo, anayeuliza dawa itatoka lini hakuuliza la kipuuzi.

Habari za gadolini

Gadolini peke yake ni sumu. Ukubwa wa chembe yake unakaribia ule wa kalisi, nayo huweza kuingia mahali pa kalisi na kuizuia kazi yake. Ndiyo sababu hufungwa ndani ya kemikali nyingine. Dawa nyingine huifunga kama kamba, nyingine huizungushia kama kizimba. Ile ya kizimba haifunguki upesi.

Mwaka 2006 waganga wa Ulaya walionyesha uhusiano kati ya dawa hizi na ugonjwa wa kukakamaa ngozi na viungo, uliowapata watu ambao figo zao zilikuwa zimeshindwa kazi. Mwaka 2014 wataalamu wa Japani walieleza dalili za mabaki ya gadolini katika ubongo wa watu waliochomwa sindano mara nyingi. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulisimamisha baadhi ya dawa za aina ya kamba, na Marekani ikaagiza wagonjwa waelezwe kwamba mabaki huweza kukaa kwa miezi au miaka katika ubongo, mifupa na ngozi. Hata hivyo, haijathibitishwa kwamba mabaki hayo huwadhuru wenye figo nzima.

La kufanya

1. Kabla ya sindano, mweleze mganga kama una ugonjwa wa figo, kisukari au shinikizo la damu, kama una mimba, au kama sindano ya namna hiyo iliwahi kukudhuru. Damu yako yaweza kupimwa ili kujua hali ya figo.

2. Andika katika daftari tarehe na jina la dawa uliyochomwa, na uonyeshe kila uendapo. Uliza pia kama picha ya zamani yaweza kutosha.

3. Mama anyonyeshaye aweza kuendelea. Kiasi kiingiacho katika maziwa hakifiki sehemu 1 katika kila 100 za dawa.

4. Usinunue dawa za mitaani za "kusafisha damu." Kunywa maji kama kawaida, ila kama mganga amekukataza.

Picha inayohitajiwa isikataliwe kwa hofu, wala isiyohitajiwa isipigwe kwa mazoea. Kuuliza si ujinga. Kunyamaza mbele ya mganga ndiko kuna hatari.