Umekatika au Umekatwa? Kauli ya Kutendeka katika Lugha ya Gereji

Magari huvuka kila siku kati ya Gisenyi na Goma, na gereji za Rubavu zinatupatia mifano hai ya tofauti inayowatatiza walimu wengi wapya: ile iliyopo baina ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa.

Tuchukue gari ambalo taa ya ABS imewaka kwenye dashibodi na haizimiki. Breki za kawaida zinashika, lakini mfumo unaozuia magurudumu kujifunga dereva anapokanyaga breki kwa ghafla haufanyi kazi. Fundi hukagua fyuzi, kisha hupima kwa mita sensa ya kila gurudumu. Sensa ya zamani yenye koili aghalabu husoma omu 800 hadi 2,000 hivi. Ukinzani ukiwa hauna kikomo, njia ya umeme imeachana mahali. Fundi aandike nini?

(1) Waya wa sensa umekatika.
(2) Waya wa sensa umekatwa.

Katika (1), kat-ik-a, inatajwa hali tu: huenda waya umechoka kwa kukunjwa kila usukani unapogeuzwa. Katika (2), kat-w-a, mtenda yumo hata asipotajwa, nasi tunaweza kumwongeza: umekatwa na fundi aliyebadilisha beringi. *Umekatika na fundi haikubaliki. Twasema umekatika kwa mtikisiko. Mwenye gari akisoma (2) atauliza ni nani atakayelipa, na fundi aliyeiandika bila ushahidi amemshtaki mwenzake kwa kiambishi kimoja.

Turudi kwenye haizimiki. Hapa -ik- inaonyesha uwezekano, si hali iliyokwishatokea. Ndivyo ilivyo pia tusemapo kwamba sensa ya kisasa, yenye saketi ndani yake, haipimiki kwa omu. Wakati -me- huelekeza kwenye hali. Ukanushi wa wakati uliopo, mara nyingi, kwenye uwezekano.

Wanafunzi wanaozungumza Kinyarwanda wana msaada nyumbani: gucika na gucibwa hutofautiana vivyo hivyo. Mtego uko kwenye fyuzi imeungua. Wengi huona -u- wakadhani ni kauli ya kutendua, kama fungua. Sivyo: ungua halina ung-a la kutenduliwa hapa (unga la kuunganisha ni neno jingine), na kauli yake ya kutendesha ni unguza.