TV Moja, Mechi Mbili, Ndoa Moja

Ugomvi mkubwa wa kwanza katika ndoa yetu haukuletwa na nyumba ndogo, pesa wala mawifi. Uliletwa na rimoti.

Tunakaa Majengo, hapa Dodoma, si mbali na soko. Sebule moja, TV moja, king'amuzi kimoja. Mume wangu ni Yanga lialia. Mimi ni Simba, na hilo alilijua kabla ya kuleta posa. Asichokijua ni kwamba moyo wangu una timu nyingine, iko mbali sana, na inacheza kikapu.

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi mchezo wangu ulianza saa 1 usiku. Ligi yetu nayo saa 1 usiku. Nilishaitangaza mechi yangu tangu Jumatano. Bwana akaingia na wenzake wawili, akashika rimoti, akasema, "Mama, si wanafunzi tu hao?" Wageni wakacheka. Nikaenda chumbani, na siku mbili nyumba ikawa na salamu za "shikamoo ofisi".

Wanafunzi tu! Hasheem Thabeet naye alikuwa mwanafunzi tu. Kijana wa Dar es Salaam, urefu mita 2.21, alicheza Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006 mpaka 2009. Mwaka 2009 aliisaidia timu yake kufika nne bora za vyuo vya Marekani, na Juni 25 ya mwaka huo akachaguliwa wa pili kuingia NBA, Mtanzania wa kwanza. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Mimi nilikuwa kidato cha nne, nacheza kikapu uwanja wa vumbi. Tangu hapo chuo kile ni changu, wanaume na wanawake wake.

Kwa nini zinagongana?

Mashindano ya vyuo ya Marekani si kama ligi yetu. Timu za wanaume ni 68, na raundi ya kwanza ina mechi 32 ndani ya siku mbili tu. Hata wenyewe yaliwashinda. Mpaka 2010 chaneli moja, CBS, ndiyo iliyokuwa na mashindano yale, hivyo kila jimbo lilionyeshwa mechi iliyochaguliwa kwa ajili yake, na mwenye mapenzi na chuo cha mbali alibaki kubahatisha. Mwaka 2011 wakagawa mechi kwenye chaneli nne na kupishanisha muda wa kuanza. Ongeza mashindano ya wanawake, yanayochezwa wiki hizo hizo. Na usiyadharau: fainali ya wanawake ya 2024 ilitazamwa Marekani na watu zaidi ya milioni 18, wakati ya wanaume haikufika milioni 15.

Kwetu kuna mtego mwingine, wa saa. Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, Waingereza Jumapili ya mwisho. Sisi Dodoma hatusogezi kitu. Kwa hiyo mechi ya New York uliyozoea kuhesabu tofauti ya saa 8 ghafla inakuwa saa 7, na wiki mbili au tatu baadaye mechi za Uingereza nazo zinarudi nyuma saa nzima. Watu wengi hulalamika kwamba "wamebadilisha ratiba" kumbe ni saa tu. Mimi Machi huandika kila kitu kwa saa za hapa, kwa kalamu, nabandika kwenye friji.

Fundi, na ukweli wa king'amuzi

Baada ya ugomvi ule mume wangu alileta TV ya pili, ndogo, kama zawadi ya kuomba radhi. Nilimpenda kwa hilo, lakini haikusaidia. Ukiunganisha TV mbili kwenye king'amuzi kimoja, zote zinaonyesha chaneli ile ile. Kuona mechi mbili tofauti unahitaji ving'amuzi viwili, na kama ni vya dishi, kile kichwa kilicho mbele ya dishi ambacho mafundi hukiita LNB lazima kiwe cha matundu mawili. Dishi lenyewe linabaki lile lile. Hilo fundi hakuliambii mpaka ameshapanda juu ya bati. Na ving'amuzi viwili ni malipo mawili kila mwezi, sasa pigeni hesabu wenyewe.

Kibanda umiza nacho kipo, na vingine vina skrini mbili ubavu kwa ubavu. Kwa mpira wa miguu ni sawa. Ukiomba kikapu cha wanawake utachekwa mpaka na mwenye kibanda. Na mwanamke kukaa peke yake kwenye benchi usiku wa manane, hapana, mimi sijafika huko.

Simu ndiyo mkombozi, ila ina ukorofi wake: mechi ya kwenye simu huchelewa nyuma ya ile ya dishi, pengine nusu dakika na zaidi. Majengo nyumba zimebanana. Jirani akipiga kelele ya goli, wewe kwako mpira ungali katikati ya uwanja. Wazee wetu walikuwa na akili: macho kwenye mechi moja, redio ndogo sikioni kwa nyingine. Mpaka leo sijaona njia ya bei rahisi kuliko hiyo.

Ijumaa ile

Sasa niwape kisa chenyewe. Ijumaa ya Aprili 5, 2024. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Yanga wako Pretoria na Mamelodi Sundowns saa 3 usiku, Simba wako Cairo na Al Ahly saa 5 usiku. Na alfajiri yake, saa 10 na nusu, nusu fainali ya vyuo ya wanawake: Connecticut na Iowa ya Caitlin Clark.

Tulikaa chini mapema kama watu wazima. Yeye TV mpaka saa 5, mimi baada ya hapo, na alfajiri ni simu yangu, nimeshanunua bando. Makubaliano mazuri kabisa. Ila hatukuhesabu penalti.

Aziz Ki alipiga shuti, likagonga mwamba, likadunda chini. Majengo yote iliona limevuka mstari. Refa hakutoa goli. Ikaisha 0-0, zikaja penalti, na Simba nao ndio wanajiandaa kuingia uwanjani. Mume wangu alinitazama. Hakusema neno. Nami nilimwona uso ule, nikachukua simu, nikawasha bando langu nikaingia jikoni. Yanga wakatolewa kwa penalti 3-2. Alinirudishia rimoti mwenyewe, akaingia kulala. Simba nasi tukafungwa 2-0.

Ilikuwa Ramadhani, kwa hiyo saa 10 sufuria za daku za majirani ndizo zilizoniamsha. Nikakaa sebuleni gizani na simu. Mapumziko tuko mbele 32-26. Robo ya tatu simu ikakwama. Bando limekwisha, lile nililolichoma jikoni. Pesa kwenye simu sina.

Simu ya bwana ilikuwa juu ya meza, na namba yake ya siri naijua. Wanawake wenzangu, mnajua kishawishi kile. Nilisimama nayo mkononi kama dakika nzima. Kisha nikaenda nikamgusa bega.

"Baba, bando limeniishia. Nililitumia wakati wa penalti zenu."

Nilitegemea mguno. Akainuka, akaninunulia bando, halafu badala ya kurudi kitandani akaja na shuka lake akakaa pembeni yangu. Dakika kumi za mwisho tulizitazama wote kwenye skrini ya kiganja, akiuliza kila kitu: kwa nini filimbi, huyu ni nani, huyo mrefu amefanya nini.

Zimebaki kama sekunde 4, Iowa 70, sisi 69, mpira wetu. Filimbi. Aaliyah Edwards kapewa faulo ya kumzuia mpinzani isivyo halali. Mpira ukaenda kwao, ikaisha 71-69.

Mume wangu alisimama na shuka lake. "Hiyo si faulo! Wamewaibia kama walivyotuibia sisi!"

Nje kulikuwa kumeshapambazuka, sokoni wanafungua. Alivaa kandambili akafuate vitumbua. Mlangoni akageuka.

"Wale wanaume wa chuo chako wanacheza lini?"

"Leo usiku kuamkia Jumapili, saa 10 kasoro."

Akaenda kwenye friji, akatafuta kalamu.